Kadi Isiyouzwa Peke Yake

Nyambeki alikuwa na kazi mbili, na zote alizipenda. Asubuhi alichuma majani chai na mumewe, Gichana, katika shamba lao dogo pale Boito. Majani yakishapelekwa kwenye kituo cha kuyanunua, alioga, akavaa viatu vizuri, akaenda senta, penye maduka, kufungua studio yake.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta moja. Lakini usiidharau. Nyambeki alipiga video za harusi, za harambee za kanisa na hata za mazishi. Halafu alikaa kwenye kompyuta akazikata, akaziunga, akatia nyimbo, akawatumia watu walio mbali. Binti aliye kazini Uarabuni akisema ameona dada yake akiolewa, jua hiyo ni kazi ya Nyambeki.

Kazi ya video hutaka kompyuta yenye nguvu. Ndani yake kuna kipande kinachoitwa kadi ya grafiksi. Hicho ndicho huchora picha unazoziona kwenye skrini. Kadi ikiwa dhaifu, video hukwama kila mara. Kadi ikifa, mtu wa video hana kazi tena, ni kama mpishi aliyezimiwa jiko.

Basi kadi ya Nyambeki ikafa. Ilikuwa wiki ya mvua na ngurumo, stima ikija na kupotea. Skrini ilitoa mistari ya rangi rangi, kisha ikawa nyeusi. Fundi wa pale senta alifungua mashine, akanusa, akatikisa kichwa.

"Mama Mochama, hii kadi imeungua," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Mashine iko sawa. Nunua kadi tu."

Lile neno "tu" lilimtuliza Nyambeki. Harusi mbili zilikuwa zinangoja kumalizwa, na wenyewe walikuwa wameanza kupiga simu. Kesho yake alifunga studio, akaenda Kericho mjini.

Alikwenda moja kwa moja kwa Adongo, mwenye duka la kompyuta. Adongo ndiye aliyemuuzia mashine ile, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Kadi iko," Adongo alisema. "Ya Novari. Lakini haiuzwi peke yake. Unachukua na skrini mpya, na betri ya kukinga stima ikipotea. Ni seti."

"Skrini ninayo. Betri pia ninayo."

"Najua, mama. Lakini ndio mpango."

"Basi nipe ya kampuni ingine. Nasikia kuna Kesto, bei yake ni nafuu."

Adongo aliangalia mlangoni kabla ya kujibu. "Hiyo hatuweki siku hizi."

"Nipunguzie basi kidogo."

"Bei imetoka juu. Siwezi kushuka hata shilingi."

Nyambeki alitoka, akaingia duka la pili. Akakuta seti ile ile, kwa bei ile ile. Akaingia la tatu. Hapo napo hawakuweka Kesto, na mwenye duka alimwongezea hofu. "Mama, usijaribu kuweka Kesto kwa hiyo mashine," alisema. "Ikishazoea Novari haikubali ingine. Itaungua."

Nyambeki hakujua kama hayo ni kweli. Angejuaje? Alirudi Boito mikono mitupu.

Jioni alimweleza mumewe. Gichana alikuwa mwanakamati wa kituo cha kununua majani, na uanakamati wake aliuvaa hata akiwa amevua koti. Katika maisha yake hakuwahi kuuza hata jani moja kwa watu wa soko huru. Hao ndio wale watu wanaokuja na pikapu na kununua majani kando ya barabara, yasifike kiwandani.

"Si ni kama majani?" alisema. "Sisi tumeandikishwa kwa kiwanda chetu, hatupeleki kwingine. Na hao watu wa kompyuta wako na utaratibu wao. Mashine yako iliandikishwa Novari. Sasa unataka itoroke iende Kesto?"

"Mashine nayo huandikishwa?"

"Kila kitu huandikishwa, Mama Mochama. Unataka nikienda kwa kamati niseme nini? Ati bibi yangu anatafuta kadi za kando?"

Usimcheke Gichana. Huku kwetu mtoto hukua akisikia kwamba majani yakienda kando, kiwanda huanguka, na kiwanda kikianguka, bonasi anayolipwa mkulima kila mwaka hupotea. Mtu aliyelelewa na maneno hayo akiona mwenzake anatafuta mnunuzi mwingine, au muuzaji mwingine, huona aibu. Nyambeki mwenyewe aliona aibu kidogo.

"Kwa hivyo tununue seti?" aliuliza.

"Tununue. Harusi za watu zinangoja."

"Na pesa itoke wapi?"

Gichana aliangalia upande wa zizi. "Kesho kutwa ni soko ya Chebunyo," alisema. "Nitapeleka mtamba."

Mtamba huyo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mama yake alikufa yeye akiwa ndama wa siku chache, na Nyambeki ndiye aliyemlea. Alimfundisha kunywa maziwa kwenye sufuria kwa kumpa vidole anyonye. Nyumba nzima ilikuwa inangoja azae, watoto wanywe maziwa na mengine yauzwe. Nyambeki aliinuka akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Aliumia sana.

Asubuhi iliyofuata walipeleka majani kituoni kama kawaida. Siku hiyo alikuwepo Nelvine Chepngeno, afisa wa biashara wa kaunti. Kazi yake ilikuwa kukagua mizani, mkulima asipunjwe. Wakulima walimpenda, maana aliwahi kuifungia mizani moja iliyopunja, mbele ya karani wake bila kupepesa jicho.

"Chamgei, madam," Gichana alimsalimu kwa Kikalenjin.

"Chamgei mising, mzee." Nelvine alimgeukia Nyambeki. "Mama Mochama, jana nilipita kwako nikitaka picha za pasipoti. Nikakuta kufuli."

Kabla Nyambeki hajajibu, Gichana alieleza mambo yote mwenyewe. Alieleza kwa fahari kabisa: kadi imekufa, seti itanunuliwa, na familia yake haitafanya mambo ya kando. Nelvine alikuwa ameshika jiwe la mizani. Akaliweka chini.

"Nani aliwaambia kompyuta huandikishwa?" aliuliza.

"Si ni kama majani?"

"Hebu tuone, mzee. Kiwanda ni cha nani?"

"Ni chetu. Tuna hisa."

"Na bonasi ikitoka, inakwenda kwa nani?"

"Kwetu."

"Sasa hao watu wa kadi, walikuletea bonasi mwezi gani?"

Wakulima waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Gichana alikuna shingo, kisha naye akacheka kidogo.

"Hapa mna mapatano na kiwanda chenu," Nelvine aliendelea, "na faida inawarudia. Kule dukani Mama Mochama ni mteja. Mteja ana haki ya kuchagua. Sheria ya ushindani ya nchi hii haipendi muuzaji mwenye nguvu akulazimishe kununua usichotaka, ndio akupe unachotaka. Unataka kadi, anakubebesha skrini. Hiyo si haki."

"Na maduka yote kuwa na bei moja?" Nyambeki aliuliza. "Ati hawawezi kushuka hata shilingi?"

"Inategemea imetokeaje. Bei zinaweza kufanana zenyewe, kama nyanya sokoni. Lakini wenye maduka hawaruhusiwi kukaa chini wakapatana kuumiza wateja. Na muuzaji wa jumla haruhusiwi kumwamuru mwenye duka asishushe bei. Akimtisha pia, asiweke bidhaa ya mwingine, hilo ni jambo la kuchunguzwa."

"Kwa hivyo Novari ni wezi," Gichana alisema. Alikuwa mtu wa kuhama haraka akishahama.

"Sijasema hivyo, mzee. Kuwa mkubwa si kosa. Kuuza ghali peke yake si kosa. Hata kuuza seti si kosa, kama anayetaka kadi peke yake anaipata. Na hatujui kama ni kampuni yenyewe ama ni mtu anayewauzia. Kuna mamlaka ya ushindani huko Nairobi. Inapokea malalamiko ya mtu yeyote, hata ya mama mwenye studio. Wao ndio huchunguza. Mimi nitakusaidia kuwafikia."

Nyambeki aliuliza lile lililomkaa rohoni. "Na nikiweka Kesto, mashine itaungua kweli?"

"Hilo ni la ufundi, sitakudanganya," Nelvine alisema. "Lakini usinunue kwa kuambiwa. Beba mashine yako, kadi iwekwe mbele ya macho yako. Ikikubali, chukua risiti na waranti."

Wakarudi nyumbani. Walipofika langoni Gichana alisema, "Maneno ya madam ni mazuri. Lakini uchunguzi ni wa miezi, na harusi ya watu inatakiwa Jumamosi. Mtamba atakwenda tu."

Nyambeki hakuweza kumlaumu. Mumewe alisema ukweli.

"Nenda naye," alijibu. "Lakini usiuze kabla sijakupigia simu."

"Nikipata mnunuzi mzuri?"

"Mwambie angoje."

"Mnunuzi mzuri hangoji, Mama Mochama."

Siku ya soko ilipofika, Gichana alimpakia mtamba kwenye pikapu, akashika njia ya Chebunyo. Nyambeki aliifunga mashine yake kwa leso kama mtoto mgonjwa, akashika njia ya Kericho. Hakuangalia pikapu ikiondoka.

Adongo alikuwa peke yake dukani. Nyambeki aliweka mashine juu ya kaunta, akaifungua leso polepole.

"Bwana Adongo, nikuulize kitu," alisema. "Haya mambo ya seti ni sheria ya serikali, ama ni yako?"

Adongo alichukua kitambaa akapangusa kioo cha kaunta, ambacho kilikuwa safi.

"Si ya serikali," alisema mwishowe. "Na si yangu. Kuna muuzaji wa jumla anayeletea mji huu kadi za Novari. Mwaka jana alituma mtu wake. Akasema akiona Kesto kwa rafu yangu, siku hiyo mzigo wangu umekwisha. Bei anapanga yeye. Na hizo skrini ni zake, zimekataa kutoka, ndiyo maana anazifunga pamoja na kadi."

"Na ukakubali?"

"Ningefanya nini, mama? Wateja wengi wanauliza Novari. Asiponiletea, nafunga duka. Dua la kuku halimpati mwewe."

"La kuku mmoja," Nyambeki alisema. "Kwangu wakipiga kelele wote, mwewe huenda zake. Nimeona kwa macho yangu."

Adongo alitabasamu.

"Nina mtamba," Nyambeki aliendelea. "Ana mimba. Nimemlea kwa mikono yangu. Sasa hivi yuko Chebunyo akiuzwa, ili mimi nibebe skrini nisiyoitaka. Sikuombi bure. Niambie ukweli tu. Hii mashine itakubali Kesto?"

Adongo alichukua bisibisi, akafungua mashine.

"Itakubali," alisema. "Aliyekuambia itaungua alikudanganya. Ona hapa. Kadi za Novari na za Kesto zinaingia kwenye nafasi hii hii moja. Mambo ya kuangalia ni haya: kama umeme wa mashine unatosha, kama kadi haigongi ukuta wa ndani, na kama programu yako ya video inaelewana nayo. Yako inaelewana."

Aliingia stoo. Alikaa huko mpaka Nyambeki akaanza kuogopa. Aliporudi alikuwa na kiboksi chenye vumbi.

"Hii ya Kesto ilibaki," alisema. "Niliificha siku ile. Kadi halali, nimeilipia, halafu naificha kama mtu anayeuza pombe haramu ya chang'aa." Alipuliza vumbi. Uso wake ulikuwa na hasira, lakini hakuwa amemkasirikia Nyambeki. "Nitakuuzia mchana kweupe, na risiti nitaandika. Halafu unipe namba ya simu ya huyo madam wa kaunti."

Akaiweka kadi mahali pake, akawasha. Nyambeki alifungua video ya harusi iliyokwama. Bibi harusi akatokea, akicheka chini ya mwavuli, mvua ikinyesha, rangi zote sawasawa. Video ilichelewa kidogo kuliko zamani, lakini haikukwama. Bei ya kadi aliiweza kwa akiba yake mwenyewe.

Alimpigia Gichana. Simu ililia mpaka ikakata. Akapiga tena, mkono mmoja umeshika kaunta. Safari hii ilishikwa. Alisikia ng'ombe wakilia na watu wakibishana bei.

"Baba Mochama, umeuza?"

"Tumeshaelewana. Mnunuzi ameshika kamba. Anatoa pesa mfukoni."

"Mwambie arudishe mfukoni."

"Kadi umepata?"

"Nimepata. Peke yake. Nimeiona ikifanya kazi, na risiti niko nayo."

Nyambeki alimsikia mumewe akimgeukia mtu. "Kipkemoi, pole sana. Mtamba anarudi nyumbani." Mtu huyo alilalamika kwa sauti, na alikuwa na haki. Kisha Gichana akarudi kwenye simu.

"Ananiambia mimi ni mwanamume wa kuamriwa na bibi."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia ni kweli."

Nyambeki alicheka mpaka machozi yakamtoka. Adongo alijifanya anatafuta kitabu cha risiti.

Harusi zote mbili zilifika kwa wenyewe Jumamosi. Lakini mambo ya Adongo hayakuwa mepesi hivyo, na ni lazima yasemwe. Aliagiza Kesto nyingine akaziweka wazi, na yule muuzaji wa jumla aliposikia kuna Kesto kwenye rafu, alimkatia mzigo kama alivyoahidi. Adongo alikaa bila kadi za Novari, wateja wakapita mlangoni wakiingia kwa jirani. Alipata hasara, na kuna siku alijuta. Hata hivyo alimpigia Nelvine, na Nelvine akamwonyesha namna ya kupeleka malalamiko. Adongo hakupeleka peke yake. Alizungumza na wenzake wawili, akiwemo yule aliyemtisha Nyambeki kwamba mashine itaungua. Huyo naye alikuwa amechoka kuogopa.

Nyambeki alitoa malalamiko yake pia. Maafisa wa mamlaka ya ushindani walipokuja kuuliza, alieleza alichoambiwa, katika duka gani, na alichotaka kununua. Hakuongeza chumvi. Gichana alikaa kando yake muda wote, akiitikia kwa kichwa kama shahidi wa harusi.

Uchunguzi ulichukua miezi, kama Gichana alivyosema. Ukapita msimu wa mvua, likaja jua, majani yakawa haba. Hatimaye muuzaji yule aliambiwa na mamlaka aache. Asiifunge kadi na skrini. Asimpangie mwenye duka bei ya kuuzia. Asimkatie mtu mzigo kwa sababu ameweka bidhaa ya mwingine. Mzigo wa Adongo ukarudi. Mjini Kericho watu wakaanza kuona jambo geni: duka moja lina bei hii, la pili limeshuka kidogo, la tatu linakupa waranti ndefu. Wateja wakaanza kutembea wakilinganisha, na wenye maduka wakaanza kuwaita "mama karibu" kwa sauti tamu.

Wakati huo mtamba alikuwa ameshazaa, jike, na maziwa yalikuwa yanatoka vizuri. Kazi ya studio nayo iliongezeka, mpaka kompyuta moja haikutosha. Nyambeki akaamua kununua ya pili, na kadi yake. Gichana alisema lazima aende naye. Tangu mambo yale alikuwa amekuwa mtetezi mkubwa wa Kesto. Aliisifia hadi kwenye mkutano wa kamati ya majani, ambako hakuna aliyemuuliza.

Dukani kwa Adongo, kadi za kampuni mbili zilikuwa zimekaa rafu moja.

"Karibu, mama. Karibu, mzee," Adongo alisema. "Leo unataka gani?"

Nyambeki hakujibu haraka. Aliuliza bei ya hii na ya ile. Aliuliza waranti. Aliuliza ipi inamaliza video ndefu upesi zaidi, na ipi inakula stima kidogo. Adongo alijibu yote. Alizijaribu zote mbili mbele yake, bila kusukuma hata moja. Gichana alisimama kando akinyoosha kidole kwenye Kesto, ili kama mkewe amesahau, akumbuke.

"Nipe ya Novari," Nyambeki alisema.

Gichana aligeuka. "Mama Mochama, baada ya shida yote ile, unachukua ile ile?"

"Ile ile. Video ndefu inazimaliza upesi, na bei yake imeshuka."

"Sasa tulikuwa tunagombania nini?"

Nyambeki alilipa, akapokea risiti yake, akaisoma mpaka mwisho.

"Leo Adongo ameniuliza nataka gani," alisema. "Siku ile hakuniuliza."